George Harrison na nyimbo zenye zilikaa mu kabati

Leo tunamukumbuka George Harrison, mupiga gitaa wa Beatles. Watu wengi wanamujua kama yule kijana munyamavu aliyesimama kando ya John Lennon na Paul McCartney. Mimi niseme wazi tangu mwanzo: kati ya wale wane, diski zenye yeye alifanya peke yake njo ninapenda zaidi. Hata zingine zenye hazikufaulu.

Alizaliwa tarehe 25 mwezi wa pili 1943 Liverpool, muji wa bandari mu Uingereza, mutoto wa mwisho kati ya watoto wane. Nyumba ilikuwa ndogo, choo kiko inje. Baba yake alikuwa anaendesha bisi. Na ni mu bisi ya kwenda ku masomo njo alijuana na Paul, kisha Paul akamupeleka kwa John. John alimuona mudogo sana, lakini ule mutoto alijua gitaa kabisa, basi wakamupokea. Mu 1960, walipokuwa wanapiga muziki usiku mu mabaa ya Hamburg, polisi ya Ujerumani ikamurudisha kwao juu hakukuwa na miaka 18.

Shida yake ilianza wakati kundi lilipata jina. John na Paul walikuwa wanaandika nyimbo sawa watu wenye kushindana, na ku diski George alikuwa anabakishiwa nafasi ya wimbo moja ao mbili, mara chache zaidi. Zingine alirudi nazo nyumbani. Isn't It a Pity alikuwa nayo tangu 1966. All Things Must Pass aliwafundisha wenzake mu mwezi wa kwanza 1969, wakaipiga-piga, kisha wakaiacha. Mu ile mwezi, tarehe 10, aliweka gitaa chini na kuondoka. Alirudi kisha siku kadhaa, lakini kitu kilikuwa kimekwisha kuvunjika.

Mbele kundi lisambaratike alikuwa tayari ametoa diski mbili zake. Wonderwall Music ya 1968, muziki ya filme, sehemu yake alirekodi Bombay na wapigaji wa kule. Watu wanaipita bila kuitazama, wanakosea. Ile ingine, Electronic Sound ya 1969, ni sauti za mashine tu, vipande viwili virefu, na Mumarekani mwenye alimuonyesha ile mashine alisema kisha kama upande moja ni kazi yake. Mimi sijapata kuimaliza kwa mara moja, na sitajaribu tena.

Sasa tunafika ku kitu kikubwa. Mwisho wa 1970 alifungua kabati: All Things Must Pass, diski tatu mu kartoni moja. Mama yake alikufa mu mwezi wa saba, katikati ya ile kazi. Phil Spector, mwenye alisimamia kurekodi pamoja naye, alijaza wapigaji mu studio mpaka sauti ikakuwa nzito kama ukuta. George mwenyewe, kisha miaka makumi tatu, alisema angependa kupunguza ile mwangwi. Maoni yangu: diski mbili za kwanza hazina mwenzake kati ya zenye Beatles walifanya kila mutu kivyake. Ya tatu ni watu wa studio wanacheza tu kwa kujifurahisha, ningeitoa bila kujuta. Lakini mutu mwenye anataka kumusikia George kabisa atafute zile nyimbo zenye alimuimbia Spector mu mwezi wa tano 1970, karibu na gitaa tu. Zilizunguka kwa uficho miaka mingi. Mu 2021 njo nyingi zilitoka kwa ruhusa, mu toleo la miaka 50. Pale unasikia mutu, hausikii ukuta.

Mwaka uliofuata, rafiki na mwalimu wake Ravi Shankar alimuletea habari ya wakimbizi wa Bengali, mamilioni walioingia Uhindi juu ya vita. Sisi wa huku hatuhitaji mutu atuelezee ile picha. Tarehe 1 mwezi wa nane 1971, New York, George alipanga maonyesho mawili mu siku moja, Bob Dylan na Eric Clapton ndani. Zaidi ya dola 240 000 za tiketi zilienda UNICEF. Lakini hakuna mutu aliyeandikisha ile kazi mbele kama ya musaada, na feza nyingi za diski na filme zikafungwa miaka na watu wa kodi wa Marekani. Wakimbizi hawakungojea kodi, wewe unajua.

Na My Sweet Lord, wimbo uliomupeleka namba moja Uingereza na Marekani? Wenye He's So Fine wakamushitaki. Mu 1976 tribinali ikasema alichukua ile sauti bila kujua mwenyewe. Kilichoniuma zaidi ni kama Allen Klein, meneja wake wa zamani, alinunua haki za ule wimbo akawa ndiye anamudai. Mu 1981 juji akamukatalia faida: George alipe tu kile Klein alitoa, dola 587 000.

Dark Horse ya 1974, sauti imekauka, ni ya kuruka. Ile yenye kuitwa jina lake tu, ya 1979, kisha mutoto wake Dhani kuzaliwa, ni ya asubuhi ya siku ya yenga. Mu 1980 kampuni ya diski ikamurudishia nyimbo ine za Somewhere in England, eti hazitauzika. Akaandika zingine. John aliuawa mu mwezi wa kumi na mbili ile mwaka, na wimbo wa kumulilia, All Those Years Ago, uliuzika sana. Lakini kati ya zile ine zilizokataliwa kuna Sat Singing, yenye mimi naona ni kati ya kazi zake nzuri sana. Ilitoka 1988 ku diski ndogo ndani ya kitabu cha bei kali, nakala 2500 tu kwa dunia muzima.

Alikufa kwa kansere tarehe 29 mwezi wa kumi na moja 2001, Los Angeles, na miaka 58. Dhani na Jeff Lynne walimaliza kanda alizoacha, ikatoka 2002 kwa jina Brainwashed. Spector hayuko ndani. Ukianza na ile, haukosei.