Michael Grzimek: Rubani wa ndege ya milia aliyefia Serengeti

Tarehe 10 Januari 1959, ndege ndogo iliyopakwa rangi kama punda milia ilianguka Serengeti. Rubani alikuwa Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24. Alikuwa peke yake, na alifariki. Kilichomwangusha ni tumbusi.

Michael alizaliwa Berlin mwaka 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, aliongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mwaka 1956 walitoa filamu kuhusu wanyamapori wa Afrika wanaokosa pa kuishi, wakataka mapato yake yanunue ardhi ya hifadhi. Uongozi wa hifadhi za Tanganyika ukawaomba jambo jingine: wahesabu wanyama wa Serengeti na kufuatilia njia zao, kwa sababu serikali ya kikoloni ilipanga kubadilisha mipaka.

Baba na mwana wakajifunza urubani, wakaja na ndege yao kutoka Ujerumani. Kambi yao ilikuwa Banagi. Mwaka 1958 waliruka chini chini, eneo kwa eneo, wakihesabu. Walipata nyumbu karibu 100,000. Leo wanazidi milioni moja, hasa baada ya chanjo ya ng'ombe kuimaliza sotoka.

Ajali ilitokeaje? Jua likiwa kali, hewa ya moto huinuka kutoka ardhini, na tumbusi huipanda bila kupiga mabawa. Ni ndege mzito. Wapo wanaofika kilo 7 na zaidi. Aliligonga bawa la kulia la ndege ya Michael, likabonyea, na nyaya za kuiongoza zikakwama. Ndege ikaenda chini kwa kichwa.

Hatari hiyo ipo hadi leo, zaidi ndege inapopaa au inapokaribia kutua. Huko chini ndiko ndege wa porini wanakoruka kwa wingi, na rubani hana nafasi ya kujinusuru. Ndiyo maana mizoga na takataka hazitakiwi karibu na kiwanja cha ndege: huwaita tumbusi.

Michael alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao ya pili, iliyohusu Serengeti, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Baba yake alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakazikwa kando ya mwanawe.

Mipaka ilibadilishwa mwaka uleule wa 1959. Ngorongoro ikatengwa na Serengeti, na Wamasai wakaondolewa ndani ya hifadhi. Kwa hiyo jina la Grzimek halikumbukwi na wote kwa namna moja.

Lakini walichokiona baba na mwana kutoka angani, mkulima wa Bunda anakiona shambani kila tembo wanapoingia usiku: mpaka huchorwa na watu, na mnyama hufuata maji na malisho.