Mtu Aliyeanika Chupa Juani

Nilipokuwa mtoto kule Masara, Migori, kila nilipotumwa kwa shangazi yangu huko Sori, kando ya Ziwa Victoria, kuna majira niliyakuta maji ya ufuoni yamekuwa kijani mithili ya rangi ya kupaka. Shangazi aliusukuma utando kwa kata, akachota, akachemsha, nasi tukanywa kwa amani. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa sote. Sasa najua kwamba utando ule huletwa na viumbe vidogo mno viitwavyo mwani wa kijani-buluu, na kwamba baadhi yao hutengeneza sumu iitwayo mikrosistini, inayodhuru ini. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Huvipasua tu viumbe vile na kuimwaga majini.

Kila niikumbukapo kata ile, humkumbuka mwanakemia mmoja aliyeishi mbali na ziwa letu: Giacomo Ciamician. Alizaliwa Trieste tarehe 27 Agosti 1857, katika familia yenye asili ya Armenia, mji huo ungali chini ya dola ya Austria. Alisoma Vienna, akapata shahada ya udaktari Giessen, Ujerumani, mwaka 1880, kisha akafanya kazi Roma chini ya Cannizzaro. Mwaka 1889 alikwenda kufundisha Bologna, na huko ndiko alikobaki hadi mwisho wa uhai wake.

Yeye na mwenzake Paul Silber walijaza chupa kemikali mbalimbali, wakazianika juani juu ya jengo la maabara, wakangoja siku, na hata miezi, waone jua litafanya nini. Mwaka 1912 alihutubia mkutano wa wanakemia mjini New York. Aliwaonya kwamba makaa ya mawe ni jua la kale lililowekwa akiba ardhini, na kila akiba huisha. Akatabiri viwanda visivyo na moshi, vinavyoendeshwa kwa mwanga, katika nchi kavu zenye jua tele. Alipendekezwa mara tisa kwa Tuzo ya Nobel, asiipate hata mara moja. Vita vya 1914 vilikatiza majaribio yake, naye akafariki tarehe 2 Januari 1922.

Hata hivyo, mbegu haikuoza. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walionyesha kwamba dioksidi ya titani, ile ile inayotiwa katika rangi nyeupe za nyumba, ikimulikwa huweza kuyatenganisha maji. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, waliutia unga huo katika maji yenye mikrosistini, wakaumulika kwa miale ya urujuanimno. Unga haukuliwa, ulikuwa kichocheo tu. Mwanga uliuamsha, nao ukazaa chembe kali zilizoivunjavunja sumu.

Nisieleweke vibaya. Kuanika chupa tupu ya plastiki yenye maji, bila kichocheo, huua vijidudu vya kuhara, lakini si kinga dhidi ya sumu hii. Tena miale ya urujuanimno ni sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua, maji machafu huizuia, na unga wenyewe sharti uchujwe kabla ya kunywa. Hayo ndiyo mafumbo yanayowangoja wanasayansi wetu, hasa kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linaruhusu mikrogramu 1 tu ya sumu hiyo katika lita ya maji ya kunywa.

Ninalolishangaa ni hili: Bologna hufunikwa na ukungu wakati wa baridi, ilhali sisi wa Migori na Homa Bay tunaishi karibu na ikweta, tukiulalamikia ukali wa jua. Kwa nini utafiti huu usifanywe hapa, ziwani kwetu, na vyuo vyetu wenyewe? Hadi siku hiyo, tuyaepuke maji ya kijani, tuvune ya mvua. Shangazi alichemsha kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Sisi tumeambiwa.