Pierre Teilhard de Chardin: Kasisi Mwenye Nyundo ya Mawe

Wahenga walimwonya mshika mawili, lakini Padre Pierre Teilhard de Chardin aliyashika hadi kufa kwake. Alizaliwa tarehe 1 Mei 1881 katika eneo la Auvergne, Ufaransa. Mama yake alimfunza kusali. Baba yake alimfunza kukusanya mawe na wadudu. Mnamo 1899 alijiunga na shirika la Wajesuiti, na mwaka wa 1911 akapewa daraja la ukasisi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alibeba majeruhi kwa machela, kisha akarejea Paris na kuhitimu shahada ya uzamifu katika jiolojia mwaka wa 1922.

Hapo ndipo masaibu yalipoanza. Katika waraka mfupi ambao haukukusudiwa kuchapishwa, alieleza jinsi ilivyo vigumu kuoanisha fundisho la dhambi ya asili, kama lilivyosimuliwa kwa Adamu na Hawa, na yale ambayo visukuku vinafichua. Waraka huo ulifika Roma. Wakubwa wake wakamtaka atie sahihi tamko la kukubali mafundisho ya Kanisa, naye akatia. Hata hivyo, aliondolewa katika kazi ya kufundisha katika Taasisi ya Kikatoliki ya Paris. Angeweza kuliacha shirika, hakuliacha.

Alipelekwa China, na adhabu hiyo, ikiwa ni adhabu, ilimfaa sayansi kuliko ilivyomdhuru. Huko Zhoukoudian, karibu na Beijing, fuvu la binadamu wa kale lilipatikana mnamo Desemba 1929, naye alikuwa miongoni mwa wataalamu waliochunguza tabaka za udongo na mifupa ya wanyama wa mahali hapo.

Ni nini basi alichokiamini? Kwake, mageuko hayakuwa mpinzani wa Muumba bali namna yenyewe ya kuumba. Maada ilizaa uhai, uhai ukazaa fikira, na fikira za wanadamu zinasonga kuelekea kilele alichokiita Omega, ambacho kwake ni Kristo. Hoja hii inavutia, ingawa si rahisi kuonyesha ni kipimo gani cha maabara kingeithibitisha. Mwanabiolojia Mwingereza Peter Medawar aliishambulia vikali mwaka wa 1961. Kanisa nalo lilikuwa limemnyima ruhusa ya kuchapisha kitabu chake kikuu kuhusu binadamu. Alikataliwa msikitini na kanisani, kama wasemavyo watu.

Alifariki New York tarehe 10 Aprili 1955, siku ya Pasaka. Kwa kuwa alikuwa amemwachia katibu wake miswada yote, kitabu kilichapishwa mwaka uo huo, nje ya mamlaka ya wakubwa wake. Mnamo 1962 Ofisi Takatifu ya Vatikani iliwaonya waumini dhidi ya maandishi yake. Mwaka wa 2015 Papa Fransisko, Mjesuiti pia, alimtaja kwa heshima katika tanbihi ya waraka wake kuhusu mazingira.