Linnaeus na Jina la Nyanya

Carl Linnaeus alizaliwa mwaka 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Uswidi. Baba yake, kasisi aliyependa bustani, ndiye aliyemwonjesha utamu wa elimu ya mimea. Alisomea utabibu, na mwaka 1741 akawa profesa huko Uppsala.

Enzi hizo mmea uliitwa kwa fungu zima la maneno ya Kilatini, na wataalamu hawakuafikiana. Katika kitabu chake Species Plantarum cha mwaka 1753, Linnaeus aliupa kila mmea jina la maneno mawili, la kwanza likitaja jenasi, la pili likiupambanua na wenzake. Nyanya aliiita Solanum lycopersicum.

Mwaka 1768, Linnaeus angali hai, Philip Miller wa Uingereza aliiita Lycopersicon esculentum. Linnaeus alifariki mwaka 1778, na jina la Miller likatumika kwa miaka mingi hadi uchunguzi wa chembe za urithi ulipolirejesha lile la kwanza.

Wanasayansi huyastahimili mageuzi hayo. Biashara ya mbegu haiyawezi. Ndiyo sababu Shirika la Kimataifa la Kupima Mbegu, lililoundwa mwaka 1924, hutunza orodha ya majina yaliyoafikiwa, ili cheti kisomeke vilevile Nairobi na Uppsala.

Jina, katika lugha yoyote, ni mapatano ya walitumiao. Mkulima wa Kirinyaga haoni mmea ndani ya pakiti; hununua jina. Likimhadaa, msimu wake umepotea.