Kinyala Lauwo, Kiongozi wa Mlima

Sisi wa Moshi tunauona mlima Kilimanjaro kila siku. Lakini je, unamjua mzee Yohani Kinyala Lauwo?

Lauwo alikuwa Mchaga wa Marangu. Inasemekana alizaliwa mwaka 1871. Watu wa ukoo wake walizoea kuingia msituni kuwinda na kutafuta asali. Kwa hiyo kijana Lauwo alizijua njia za msitu.

Mwaka 1887 Mjerumani Hans Meyer alijaribu kupanda mlima, akazuiwa na barafu. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Mangi Marealle wa Marangu aliwapokea. Husimuliwa kwamba wakati huo Lauwo aliitwa mbele ya Mangi kwa kosa la kukwepa kazi ya barabara. Badala ya kuadhibiwa, alichaguliwa awaongoze wageni. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ile aliyoikimbia!

Lauwo hakuwa na viatu vya kupandia mlima. Alijifunika blanketi tu. Wapagazi walibeba mizigo ya safari. Bila watu hao, wageni wasingefika mbali. Tarehe 6 Oktoba 1889 Meyer na Purtscheller walifika kileleni. Majina yao yakaandikwa katika vitabu. Lakini kwa miaka mingi, watu wachache nje ya Marangu walilijua jina la Lauwo.

Hata hivyo Lauwo hakuacha kazi. Aliongoza watu mlimani kwa zaidi ya miaka 70. Utawala wa Wajerumani ulikwisha. Waingereza wakaja, nao wakaondoka. Mwaka 1961 nchi yetu ikajitawala, na baadaye kilele kikaitwa Uhuru.

Mwaka 1989 ilifanyika sherehe ya miaka 100 tangu kilele kifikiwe. Ndipo mzee Lauwo alipoheshimiwa. Alipewa nyumba Marangu kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Alifariki mwaka 1996. Kwa hesabu ya watu wake, umri wake ulikaribia miaka 125.

Leo jina lake limeandikwa kwenye lango la Marangu, pamoja na majina ya wapagazi. Kila apandaye mlima kwa njia hiyo anaweza kulisoma.

Maswali
1. Kwa nini Lauwo alifaa kuwaongoza wageni?
2. Kwa nini jina lake lilichelewa kujulikana?
3. Andika jina la mzee mmoja wa kijiji chako na kazi aliyoifanya.