Healey na Pacha Wake Wawili

Wapendao magari ya kale hawaishi kubishana: kati ya Austin-Healey Sprite na MG Midget, magari madogo ya Kiingereza ya watu wawili, yasiyo na paa la bati, lipi bora? Mimi naona jawabu limo katika maisha ya mtu mmoja, marehemu Donald Healey.

Alizaliwa mwaka 1898 huko Perranporth, Cornwall. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa rubani, ndege ikaanguka naye, akaachishwa jeshi. Akarejea kwao, akafungua gereji. Mwaka 1931 alishinda mashindano ya Monte Carlo akiendesha Invicta.

Mwaka 1958 alitoa Sprite, akikusudia mtu wa mfuko mdogo naye alipate. Hakuunda kila kitu upya: injini ya sisi 948 aliitwaa katika Austin A35, na mtambo wa usukani katika Morris Minor. Taa alitaka zilale ndani ya boneti, lakini gharama ikakataa. Zikabaki zimetokeza juu, watu wakaliita jicho la chura. Milango haikuwa na vishikio vya nje, na mizigo ikipenyezwa nyuma ya viti, kwani buti halikuwa na kifuniko.

Mwaka 1961 kampuni ya BMC, iliyokuwa ikiliunda Abingdon, ililibadilisha umbo, kisha ikaliuza kwa majina mawili. Midget lilizidi kidogo kwa bei na mapambo, na nembo yake mbali. Chini ya bati yalikuwa gari moja.

Hapo ndipo penye uchungu. Kwa kila gari lililobeba jina lake, Healey alilipwa ada. Wakubwa wa British Leyland, walioirithi BMC, wakaona ada ile mzigo, wakaukata mkataba mwaka 1970. Mwaka 1971 likatoka kwa jina la Austin Sprite tu, na mwaka uo huo likakoma. Midget likaendelea hadi 1979. Mcheza kwao hutunzwa, twaambiwa. Healey alicheza kwao, akafutwa jina.

Alifariki mwaka 1988. Basi lipi bora? Kwa yale ya 1961 na baadaye, sioni la kuchagua. Lakini lile la kwanza, la macho ya chura, halikuwa na pacha, na wakusanyao magari ya kale hadi leo hulisaka. Hilo likitajwa, Healey hutajwa.