Balikuddembe na Ulimi wa Wachongezi

Kila mwaka, mwezi wa Juni, familia za Kikatoliki huwakumbuka Mashahidi wa Uganda, na jina litajwalo kwanza ni la Karoli Lwanga. Ni haki. Lakini mbele yake alitangulia mwingine, ambaye damu yake ilikuwa ya kwanza kumwagika kati ya Wakatoliki wa Buganda: Yosefu Mukasa Balikuddembe. Upanga ulimfikia baada ya ulimi kumtangulia. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuwakumbusha wasomaji wetu habari zake.

Balikuddembe aliingia ikulu angali kijana, akamtumikia Kabaka Mutesa, na mwaka 1882 alipokea ubatizo. Mwisho wa mwaka ule Mapadre Weupe walilazimika kuondoka Buganda, wakakaa ng'ambo ya kusini ya ziwa mpaka mwaka 1885. Muda huo wote waamini hawakuwa na padre. Ndipo Balikuddembe alipowakusanya, akawafundisha wakatekumeni, akawatia moyo wanyonge.

Mutesa alipofariki mwaka 1884, Mwanga alitawala mahali pake, naye akamweka Balikuddembe kuwa msimamizi wa nyumba yake. Cheo hiki alikitumia kwa wema. Vijana waliotumika ikulu aliwakinga na tamaa mbaya za bwana wao, ingawa alijua kwamba jambo hilo litamgharimu. Naye Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka, alimtazama kwa wivu, akihofu kwamba siku moja kijana huyu Mkristu angekikalia kiti chake.

Mwezi wa Oktoba 1885, Askofu James Hannington wa Waanglikana aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Hannington hakuwa wa Kanisa letu, wala Balikuddembe hakungoja kuulizwa. Alimwendea Kabaka, akamwonya kwamba si haki kumwua mgeni bila kumpa nafasi ya kujitetea. Neno hilo lilimchoma Mwanga, na wachongezi wakapata mlango.

Siku chache baadaye Kabaka aliugua baada ya kumeza dawa aliyopewa na Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera. Hapo hapo uvumi ukazaliwa: Balikuddembe amekula njama, ataka kumwua Kabaka kwa sumu. Mtu aliyemtetea mgeni asihukumiwe bila kusikilizwa, sasa naye alihukumiwa bila kusikilizwa. Tarehe 15 Novemba, huko Nakivubo, alikatwa kichwa na mwili wake ukachomwa moto. Kabla ya kufa alimpelekea Mwanga salamu za msamaha, akamsihi atubu.

Wachongezi walidhani wamelizima jambo. Kumbe usiku ule ule wakatekumeni waliwaendea mapadre kuomba ubatizo, na mmoja wao alikuwa Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Tena mwaka 1888 Mwanga mwenyewe alipinduliwa, akakimbilia upande wetu wa ziwa, na Mapadre Weupe wa Bukumbi, karibu na Mwanza, wakampokea. Nyumba ya waliosingiziwa ikawa kimbilio la aliyewatesa. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI alimtangaza Balikuddembe mtakatifu pamoja na wenzake 21.

Waandishi wa Kikristu wa zamani waliyajua mambo haya. Huko Carthage, yapata mwaka 197, Tertullianus aliwajibu watu waliowasingizia Wakristu kwamba hula watoto na kwamba wao ndio chanzo cha kila balaa. Roma ilipotekwa mwaka 410 na wapagani wakawalaumu Wakristu, Mtakatifu Augustino aliandika kitabu kikubwa kuwajibu. Wote wawili walifuata njia moja: waliona kwamba mfuasi hampiti Bwana wake, ambaye naye alishtakiwa kwa uwongo, wakautetea ukweli kwa hoja.

Lakini tujihadhari. Si kila alaumiwaye ni shahidi. Mwekahazina wa jumuiya aulizwapo hesabu hana ruhusa ya kujifunika joho la Balikuddembe. Na atoe daftari. Kusingiziwa ni kushtakiwa kwa jambo usilolitenda. Kushtakiwa kwa jambo ulilolitenda ni mwito wa toba.

Nasi pia tusijione mbali na upande wa wachongezi. Makambako ni njia panda: barabara ya Songea na Njombe hukutana hapo na barabara kuu iendayo Mbeya, na reli ya TAZARA hupita. Mizigo hupita, na maneno nayo hupita. Neno lililotupwa sokoni Makambako asubuhi laweza kuwa limefika Njombe kabla ya adhuhuri, na siku hizi kwa simu hufika upesi zaidi. Bibi kizee huitwa mchawi, katekista huitwa mwizi, na wanaoeneza habari hizo pengine walipokea Komunyo Jumapili iliyopita.

Basi tufanye lile ambalo Balikuddembe aliomba kwa ajili ya mgeni, naye mwenyewe akanyimwa. Kabla ya kupeleka neno mbele, twende kwanza kwa mwenye kushtakiwa, tumsikilize. Na ikiwa neno la uwongo limekwisha kutoka kinywani mwetu, haitoshi kuliungama; hatuna budi kurudi kwa wale walioambiwa, tukalitangue na kumrudishia mwenzetu jina lake jema.